Vipimo vya Mama Twiga

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Viatu,
Nyumbani.

Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zangu kabla hujafungua kifurushi. Naijua mikono yako, tangu utotoni hukimbilia zawadi kabla ya maneno. Kama umeshashika mkasi, uweke chini kwanza, usome.

U hali gani? Ule mgongo umepata nafuu? Wifi yangu hajambo? Mara ya mwisho aliniambia zamu ya alfajiri imemmaliza, mpe pole zangu na umwambie asiache kula. Na wanangu wawili je? Nimesikia mkubwa ameanza kuvaa miwani. Huyo ni wa ukoo wetu kabisa, hakuna wa kumkana.

Sisi huku tupo. Nimeandika "tupo" kwa sababu sitaki kuianza barua hii kwa uongo, na uongo nimeshakupa wa kutosha mwaka huu. Shangazi magoti yanamsumbua, ila ulimi wake haujapata kuugua. Shemeji yako yuko safarini na lori lake, atarudi katikati ya wiki Mungu akipenda. Baba anakula vijiko sita au saba vya supu, anasinzia, anaamka, anatazama mlango. Kauli haijarudi. Yule mwalimu wa mazoezi ya viungo anayekuja kila Jumanne zamani alikuwa akisema "kauli ikirudi." Siku hizi anasema tu tumshukuru Mungu kwa mkono wa kushoto.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia karatasi wakati simu ninayo. Ni kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Ungesema, "Usijali, dada," nami ningeshukuru na kunyamaza, na jambo lingebaki limekaa kati yetu kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha. Kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho.

Umeniomba mara tano nikutumie sauti ya Baba. Mara ya kwanza nilikuambia mtandao hauna nguvu. Mara ya pili nikasema waya wa chaji umekatika. Mara ya tatu nilisema nina nguo nyingi za sherehe za shule, na hizo nyingine sikumbuki hata nilisema nini. Kitinda, mtandao una nguvu na waya ni mzima. Sauti ya Baba haipo tena. Nimeipoteza mimi, kwa mikono yangu hii, tena mchana kweupe. Sasa nimesema, na wala sijisikii mwepesi kama watu wanavyodai.

Acha nikueleze ilivyokuwa, maana wewe mwenyewe umo ndani yake kidogo.

Unaikumbuka ile tableti uliyomletea Baba miaka minne iliyopita kwa mkono wa yule rafiki yako? Mwezi mzima aliifanya kifuniko cha sanduku la chaki. Kisha nikamwonyesha ile programu ya daftari, kwamba anaweza kumwandika mteja, akamtafuta kwa jina na akampata pale pale bila kufungua madaftari thelathini yaliyojaa vumbi. Hapo ndipo alipolainika. Alihamisha vipimo vya wateja wake wote, kidole kimoja kimoja, kurasa mia sita na kumi na mbili. Kila mteja kwa jina la utani kama kawaida yake. Unajua msemo wake: jina la wazazi mtu hupewa kabla hawajamwona vizuri, jina la fundi hupewa baada ya kupimwa. Humo yumo Bwana Tumbo Mbele, yumo Dada Haraka, yumo Mwalimu Bega Moja. Mwingine anaitwa Mama Twiga, na huyo umshike, tutarudi kwake.

Baadaye akagundua kwamba daftari lile linaweza pia kusikiliza. Basi kila Ijumaa asubuhi, kabla hatujafungua mlango wa mbele, akawa anajifungia kwenye chumba cha kukatia, anashusha pazia, anaongea peke yake nusu saa, saa nzima. Nilipomuuliza akasema ni maneno yetu sisi watoto, tutayasikia yeye akishapumzika. Shangazi akamwambia amekuwa redio uzeeni. Alicheka, lakini Ijumaa iliyofuata pazia lilishuka tena. Miaka mitatu hakuruka hata wiki moja.

Wewe ndiye uliyemwambia ayafunge maneno hayo kwa nywila. Ulimpigia, nami nilikuwepo nikikata bitana. Ulimwambia mambo matatu. Asiandike nywila kwenye karatasi. Asitumie tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote wa nyumba hii. Na awashe ule mpango wa kufuta kila kilichofungwa mtu akikosea mara kumi, kwa ajili ya wezi. Sikulaumu, mdogo wangu, ila nalitaja kwa sababu limo. Baba, ambaye hajapata kumtii daktari hata mmoja, wewe alikutii yote matatu.

Kuhusu mahali pa kuificha nywila alikuwa na falsafa yake. Alisema mwizi akishika daftari atatafuta neno "siri" au neno "ufunguo," lakini hakuna mwizi atakayekaa kusoma viuno vya mama za watu. Shangazi akasema labda mwizi asiye na adabu. Basi akaificha humo humo, kati ya wateja, mchana wa jua kali, pale ambapo mimi hupita kila siku. Siku moja akaniambia, "Ufunguo anao mteja ambaye hakuna nguo itakayomkaa." Nilikuwa napinda suruali na pini nne zipo mdomoni. Nilicheka bila kuzitoa pini, wala sikuuliza zaidi. Nikadhani ni mzaha wake wa kila siku kuhusu wateja wasioridhika.

Kisha kikaja kiharusi. Hilo unalijua. Alianguka juu ya meza ya kukatia na chaki mkononi, na mstari aliokuwa akiuchora ukaenda mpaka nje ya kitambaa.

Wiki mbili baadaye nilishika kazi zote. Tuko mafundi watatu sasa, mimi na wale kina dada wawili wa zamu, na wote tunaitumia tableti ile ile. Siku moja napitia kurasa, nikafika kwa Mama Twiga. Bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, na namba zake si za binadamu. Nakumbuka kabisa kwamba nilicheka. Kicheko changu nakikumbuka, namba sizikumbuki, hata moja, na nimejaribu mpaka kichwa kimeuma. Baada ya kucheka nikaona aibu. Nilijiambia kumbe akili ya Baba ilianza kuondoka kabla ya kiharusi, na sisi hatukuona. Fundi wa miaka arobaini, aliyekuwa akikutazama ukivuka barabara na kukutajia kiuno chako, ameandika vitu kama hivi! Nikawawazia wale kina dada wakifungua ukurasa ule na kutazamana.

Kwa hiyo nilimsitiri baba yangu. Nikajiambia Mama Twiga atakuwa yule muuguzi mrefu wa zahanati, ambaye nilikuwa nimemshonea sare juzi juzi tu na vipimo vyake ninavyo kichwani. Nikafuta namba za Baba, nikaandika za muuguzi. Nilisahihisha, Kitinda. Nilifanya vizuri kabisa, kwa unadhifu, na nilijisifu moyoni kwamba baba yetu hatachekwa.

Wiki tatu baadaye ukapiga simu. Ulitaka kumsikia, nami nikamwekea simu sikioni, na wewe ukasikia pumzi tu. Ulilia. Ndipo ukaniomba nikutumie zile sauti za Ijumaa, nami nikakuambia hilo ni dogo, kesho unazo. Nilifungua daftari, likaniomba nywila, nikakumbuka mteja ambaye hakuna nguo itakayomkaa. Wala sikuhangaika. Nilianza ukurasa wa kwanza. Mama Twiga hakunijia akilini, kwangu alikuwa kosa la mzee lililokwisha kusahihishwa.

Siku tatu nilisoma miili ya watu. Mia sita na kumi na mbili. Walikuwemo wanene na wembamba, walikuwemo wenye vibyongo, alikuwemo yule mchezaji mpira ambaye paja lake ni kiuno changu, lakini wote ni watu, wote nguo itawakaa. Siku ya nne muuguzi akaja kuniomba nimpanulie sare. Nikamtafuta kwenye daftari kwa vipimo vyake, akatokea mara mbili: ukurasa mmoja wa Mama Twiga, nilioandika mimi, na mwingine alioandika Baba mwaka jana kwa jina la Sista Ngazi, vipimo vile vile, bila kosa hata la nusu inchi. Baba hakuwa amekosea kitu. Mama Twiga hakuwa mtu. Nilimwomba muuguzi aje siku nyingine.

Sasa nakuja kwenye kosa langu lenyewe, maana hilo la kwanza labda Mungu ataliita bahati mbaya. Siku hiyo ilikuwa siku ya ishirini na sita tangu nisahihishe. Ningeweza kuichukua tableti saa ile ile na kwenda nayo kwa fundi simu wa kona, hatua themanini kutoka mlangoni kwetu. Sikwenda. Niliona haya. Ningemwambia nini, kwamba nimefuta ufunguo wa sauti ya baba yangu kwa kiherehere? Anashona suruali zake hapa, na wateja wake ni wateja wangu. Nikajipa muda. Nikajaribu namba zangu mwenyewe kwa kubahatisha, siku Mama alipofariki, namba ya nyumba, namba ya cherehani yake ya kwanza. Nilikosea mara sita. Huku nikikujibu wewe kuhusu waya na mtandao. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nikayaficha.

Nilikwenda siku ya arobaini na moja. Fundi simu ni mtu mpole, hutazama simu mbovu kama daktari wa watoto. Akaniambia programu ile huhifadhi sura ya zamani ya kila ukurasa, hata ukifuta hujafuta, unaweza kurudi nyuma ukaikuta kama ilivyokuwa. Moyo wangu uliruka. Kisha akauliza nilifuta lini. Nilipomwambia, alivua miwani.

"Hukaa siku thelathini tu, mama. Umechelewa siku kumi na moja."

Siku kumi na moja, Kitinda. Mimi na Baba tumewachelewesha wateja kuliko hapo maisha yetu yote, tukawapa tabasamu na kiti, na wakarudi tena.

Alijaribu njia zake. Akaniuliza mambo ya Baba, akabahatisha mara tatu kwa ruhusa yangu, kisha akaweka tableti mezani na kurudisha mikono nyuma. Alisema imebaki mara moja, na hiyo yeye haigusi. Alisema pia tusiwaandikie wenye programu, kwa sababu hata wao hawawezi kufungua. Ndivyo walivyoitengeneza, na ndiyo sifa yao.

Ile mara moja niliitunza wiki tano kama yai.

Mwalimu wa mazoezi alinishauri nimpe Baba mkononi vitu vya kazi yake, ili mkono uliobaki usisahau. Nikampa futi yake ya kupimia. Ile ile ya njano, iliyofutika mwanzoni kwa jasho la kidole gumba. Ungemwona! Aliipitisha kwenye vidole vyake vya kushoto, akaikaza kwa meno upande wa pili, akaanza kuipima blanketi. Shangazi alitoka nje kwenda kulia. Mimi nikapata wazo. Ningeweza kumuuliza. Nisingemwambia kilichotokea, ningemuuliza tu.

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikasema, "Baba, Mama Twiga. Nipe vipimo vyake." Alinitazama kwa muda mrefu. Jicho la kushoto lilicheka, nakuapia. Kisha akashika futi, akabana kwa kidole gumba kwenye namba moja, akasubiri niandike, akabana nyingine. Tano. Kumi na tano, kumi na saba, thelathini na sita, ishirini na nne, ishirini na nane. Nikazisoma kama tunavyozisoma kwenye gauni: bega kumi na tano, kifua kumi na saba, kiuno thelathini na sita, nyonga ishirini na nne. Mwanamke mwenye kiuno mara mbili ya kifua! Nikamkumbatia. Huyo ndiye mteja ambaye hakuna nguo itakayomkaa, nilisema, huyu hapa, amerudi. Nilimwita Shangazi aje ashuhudie. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeingia mpaka kwenye miguu ya cherehani, na kwa dakika ile moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote ninaowafahamu.

Nikaingiza namba zile moja baada ya nyingine, Baba akitazama mikono yangu. Tableti ikafikiri kidogo. Kisha ikafungua ukurasa mweupe mtupu, na katikati pameandikwa kwa maandishi madogo: "Hakuna kumbukumbu hapa. Gusa ili uanze kuandika."

Sikumwambia. Nilitabasamu, nikasema, "Asante Baba, imefunguka." Huo ndio uongo mkubwa kuliko wote niliokupa wewe.

Lakini yeye hakutulia. Jioni ile akashika tena futi akabana namba zile zile. Kesho yake tena, kwa mpangilio ule ule, na sasa akiwa na hasira, akigonga kiti na kuonyesha rafu ya vitambaa. Mimi sikutaka kuziona tena namba zile. Ni Shangazi aliyeniambia, "Wewe mtoto, huyu hakujibu swali lako. Huyu anataka kushona." Ndipo nilipozisoma namba kwa mara nyingine, si kwa mpangilio wa gauni bali wa shati. Shingo kumi na tano. Bega kumi na saba. Kifua thelathini na sita. Mkono ishirini na nne. Urefu ishirini na nane. Hapakuwa na kiumbe cha ajabu. Ni kijana mwembamba wa kawaida. Mtu aliyezaliwa chini ya cherehani, miaka ishirini na tisa ninashona, na nilizisoma kama mteja.

Nilishusha gunia la madaftari ya zamani ya karatasi. Kurasa zimeliwa na mende pembeni, lakini nilimpata yule kijana. Imeandikwa kwa mwandiko wa Baba: "Kitinda. Shati la safari." Namba ni hizo tano. Utakumbuka kwamba safari yako iliwahishwa siku nne, ukaondoka na shati la kuazima la shemeji yako. Unajua pia desturi ya Baba, nguo ikikamilika hutia alama ya vema pembeni mwa ukurasa. Nilipekua daftari lile lote. Kila mteja ana vema yake. Wewe huna. Miaka kumi na tisa, mtu mmoja tu katika nyumba hii ndiye ambaye hakukamilishiwa nguo, na ndiye Baba anayemkumbuka sasa ambapo hata jina langu siku nyingine halimjii machoni.

Basi nimelishona. Limo kwenye kifurushi. Kitambaa alichagua yeye, ile samawati hafifu, alikataa nyeupe kwa kutikisa kichwa. Mimi nilikata, yeye alikuwa amekaa karibu na meza na futi shingoni, na kila kipande nilimpelekea akipime kwa mkono mmoja na meno. Kola aliikataa mara mbili. Mara ya pili niliudhika nikamwambia basi ashone mwenyewe, halafu nikakumbuka, nikaomba radhi, na jicho lile likacheka tena. Lilipokwisha aliashiria aletewe daftari la karatasi. Alitia vema kwa mkono wa kushoto. Imepinda na imetoboa karatasi, lakini ipo.

Sasa, mdogo wangu, nakujua. Kwenye picha za watoto huwa nawe umo pembeni, na mimi ni binti wa fundi. Kifua chako leo ni arobaini na nne, na nimekupunguzia. Shati hili halitakukaa. Nilijua hivyo wakati nakata, nikakata hivyo hivyo, kwa sababu aliyekuwa akinitazama anamfahamu kijana wa thelathini na sita tu, huyo mwingine hajapata kumpima.

Kuhusu zile sauti, siwezi kukuahidi kitu. Fundi simu ametafuta kila upande, kisha akanirudishia tableti imefutwa vumbi vizuri, nikajua. Ninachoweza kukupa ni kile kilichopita kwenye pazia katika miaka mitatu ile, nacho ni kidogo, kwa sababu sikusimama kusikiliza, niliona ni utovu wa adabu. Alikuwa akicheka peke yake. Alimtaja Mama mara nyingi, kwa lile jina lake la utani ambalo sisi hatukuruhusiwa kulitamka. Siku moja nilimsikia akisema "Kitinda," halafu kimya kirefu mpaka nikadhani amesinzia, kisha akaendelea na jambo la vifungo. Hicho ndicho chote, na mimi sina kingine.

Daktari ametuambia tusitazame mbali. Baba hajui. Ijumaa asubuhi bado hugeuza kichwa kutafuta tableti, nami humwekea mapajani. Huipapasa polepole, hunitazama, kama mtu anayesema subirini tu, mtasikia. Halafu anasinzia mkono ukiwa juu yake. Siwezi kumwambia na sitamwambia. Shangazi pia anadhani ilifunguka. Katika familia tunaojua ni wawili, mimi na sasa wewe, na samahani kwa kukutwika mzigo huu huko uliko, peke yako, mbali na watu wako.

Usinijibu "usijali." Nikasirikie kwanza, unayo haki, nami nitaipokea hasira yako. Ukishamaliza kukasirika, nipigie, tuongee mambo ya watoto.

Nisalimie wifi na umwambie kitenge alichoniomba ninacho. Wabusu wanangu, yule wa miwani mbusu mara mbili. Shangazi anakusalimu, anasema umnunulie dawa ya magoti ile yenye harufu kali, siyo ile nyingine. Shemeji yako naye anakusalimu, na anakudai shati lake. Wale kina dada wa zamu hawakujui, lakini wamepiga pasi kifurushi chako kama cha waziri, nao wanakusalimu.

Mungu akulinde ugenini, akupe riziki ya halali na usingizi usio na ndoto. Akitujalia, atukutanishe huyu mzee akiwa bado anatazama mlango.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kama barua hii itakufanya usinipende kwa muda,

Sindano.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimeifungua tena. Baba anasubiri picha. Tangu shati liondoke mezani, kila simu yangu ikilia ananyoosha mkono aione. Nakuomba ulivae, hata kwa dakika moja, wifi akupige picha. Vifungo havitafika, najua, kwa hiyo vaa koti juu yake, acha kola ionekane, kisha vuta pumzi na usimame wima, maana yeye hutazama mabega kwanza. Na ufanye haraka.